Bunduki ya kuazima na kulungu wa Novemba: nianzie wapi?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, nina miaka 36, na huu ni mwaka wa nne naishi Brooklyn Park hapa Minnesota. Jamaa tunayefanya naye kazi ghalani amenialika twende kuwinda kulungu mwezi wa Novemba, kwao karibu na Brainerd. Anasema nije tu, bunduki ataniazima ile ya marehemu baba yake, na cheti nitakipata kwa simu nikiwa kitandani. Sijawahi kushika bunduki. Kwetu anayewinda anaitwa jangili. Je, mambo ni mepesi hivyo? Halafu nina binti wa miaka 11 ambaye tangu asikie habari hii hanipi usingizi, anataka twende wote. Na la mwisho: mimi ni Mwislamu. Nitawahi vipi kumchinja kabla hajafa?"

Marahaba, ndugu yangu. Kuhusu cheti, jamaa yako amesema kweli. Hilo la "njoo tu" ndilo lililonifanya nikae chini nikujibu kwa urefu, maana kwa watu kama sisi kuna jambo linalotangulia cheti, na yeye kama mzaliwa wa hapa hana sababu ya kulijua.

Umenitajia umri, mji na dini. Karatasi zako hukunitajia. Usinitajie mimi, lakini kaa nazo mwenyewe mezani kabla hujamjibu jamaa yako. Ukiwa raia, au una green card, au uliingizwa nchini kama mkimbizi, sheria ya shirikisho haikuzuii kushika bunduki kwa sababu ya uhamiaji. Ukiwa hapa kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi kama H-1B, au ya matembezi, sheria hiyohiyo inakukataza kumiliki au kuwa na bunduki, hata risasi moja mfukoni. Kuna misamaha michache, na mmojawapo unatuhusu: mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo anaruhusiwa. Soma tena hapo, kwa sababu mpangilio wake ndio wenye maana. Leseni iwe mfukoni kwanza, mkono uguse bunduki baadaye. Jamaa yako akikuambia Septemba, "Twende kiwanja cha shabaha ujaribu kidogo," na wewe uko kwa viza na leseni hujakata, kwake hiyo ni asubuhi ya Jumamosi tu. Kwako ni kosa la jinai la shirikisho.

Ambaye viza yake imekwisha au aliingia bila karatasi hana msamaha wowote hapo. Asiguse hata kwa kupigwa picha. Kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye green card, sembuse asiye nayo. Anayesubiri jibu la ombi la hifadhi amwone wakili wa uhamiaji. Hapo mimi sijibu, wala kundi la WhatsApp la mtaa lisijibu. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mke au mume, hata kama mahakama iliita kosa dogo, naye anakatazwa. Na bangi, ingawa jimbo hili liliihalalisha tangu Agosti 2023, bado ina utata mkubwa inapokutana na sheria ya shirikisho ya silaha, kwa hiyo anayevuta naye aende kwa wakili.

Ikiwa upande huo uko safi, tuje kwenye sheria ya jimbo. Minnesota inasema aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979 hauziwi leseni ya kuwinda kwa bunduki mpaka aonyeshe cheti cha usalama wa silaha. Wewe umo. Kuna mlango wa uani unaoitwa uwindaji wa mwanagenzi: unalipa dola 3 na nusu, unakata leseni bila cheti, mradi uwinde ukiwa na mtu mzima mwenye leseni, mnaonana kwa macho na kusikizana kwa sauti ya kawaida. Unaruhusiwa kuutumia misimu miwili tu maishani mwako. Si njia mbaya kwa mtu anayejaribu. Lakini hebu fikiri: wewe hujawahi kushika bunduki, na mwalimu wako ni mtu ambaye hata jina la hizo kanuni huenda halikumbuki kwa sababu alizifunza utotoni. Pata cheti. Ukikipata hakiishi muda wake, na majimbo yote 50 yanakitambua, hivyo hata ukihamia Texas kesho unakwenda nacho.

Na ndiyo, mwenye miaka 18 na kuendelea anaweza kumaliza somo lote kwa intaneti, akafaulu mtihani, bila kukutana na mtu. Sipendi, na nimelisema hilo kwenye mikutano ya wakufunzi hadi wananizoea. Nimeshapokea watu wazima wenye cheti cha simu, nikampa mmoja bunduki tupu ya mafunzo, na kitu cha kwanza alichofanya ni kunielekezea tumboni huku akiuliza inafunguliwa wapi. Majibu yote alikuwa amepata. Mkono wake ndio haukuwa umesoma. Kwa hiyo, fanya somo la intaneti ukitaka, lakini tafuta pia darasa la ana kwa ana (kama uko kwa viza, leseni ikiwa tayari mfukoni). Madarasa haya huendeshwa na sisi wa kujitolea, kwenye vilabu vya shabaha, kumbi za makanisa, hata shule, na orodha yake iko kwa idara ya maliasili ya jimbo, ambayo kila mtu anaiita DNR. Fedha za mafunzo kama haya nchini zinatoka kwa sehemu kubwa kwenye kodi ya bunduki ndefu na risasi, leo asilimia 11, ambayo sheria ya mwaka 1937 iliitenga kwa ajili ya wanyamapori; tangu 1970 sheria inaruhusu sehemu yake ilipie mafunzo ya wawindaji. Yaani kila anayenunua boksi la risasi amekuchangia ada.

Umesema kwenu mwindaji ni jangili. Naelewa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kabla hujazaliwa, kwa hiyo umekulia mahali ambapo mtu mwenye bunduki porini ama ni askari wa wanyama ama ni mhalifu. Mimi nimekulia Sikonge, Tabora, na babu yangu alikuwa na gobore. Hakuna aliyemwita jangili, ingawa sidhani kama leseni yake ingempendeza mkaguzi. Gobore lile lilining'inia nyuma ya mlango likiwa limeshindiliwa baruti na vipande vya nondo, tayari kwa nguruwe wa usiku. Siku moja binamu yangu alilishusha ili afagie buibui. Hakuna aliyekufa, kilichokufa ni mtungi wa maji, na vidole viwili vya binamu havikukunja tena sawasawa. Babu alisema shetani amepita. Nilikuwa na miaka tisa, nikaamini. Ilinichukua kuja kukaa kwenye darasa la watoto wa Kimarekani, nikiwa na mvi za kwanza, kuelewa kwamba shetani hakuhusika. Bunduki iliyoshindiliwa haikupaswa kuwa nyuma ya mlango, basi.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya darasa haina mjadala: kila bunduki ina risasi mpaka wewe mwenyewe, kwa macho na kidole chako, uthibitishe haina. Jamaa akikupa akasema "Iko tupu," unaipokea mdomo wa mtutu ukiwa umeelekea chini au kando, unaifungua, unatazama chemba, unatazama magazini, ndipo unasema asante. Huo si ukosefu wa adabu. Wawindaji wa kweli hukuheshimu ukifanya hivyo, na asiyeheshimu usiende naye. Kanuni ya pili inakaa pamoja nayo: mtutu haumwelekei kamwe mtu, hata tupu, hata kwa utani, hata unapogeuka kuitika jina lako. Hapo ndipo wageni wengi huharibu, kwenye kugeuka. Mwili unageuka na bunduki inafuata kama mkia. Jifunze kugeuza kichwa peke yake. Kidole nacho hukaa nje ya kifyatulio, kimenyooka ubavuni mwa bunduki, hadi dakika ile umeshaamua kupiga. Kile kifungo cha usalama, sefti, usikitegemee. Ni chuma kidogo, na chuma huchakaa.

Inabaki kanuni ambayo mimi huifundishia muda mrefu kuliko zote: ujue unachopiga, na ujue kilicho nyuma yake. Wengi wanaelewa nusu ya kwanza. Nusu ya pili haiingii kichwani mpaka uwaonyeshe umbali. Risasi ndogo kabisa ya kaliba .22, ile ya kupigia kindi, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2. Risasi ya .30-06, ambayo wengi hupigia kulungu, inaweza kupita kilomita 4. Wewe unamwona kulungu mita 80 mbele amesimama juu ya kilima, mzuri kama picha. Nyuma ya kilima huoni kitu. Huko "huoni kitu" kuna barabara, kuna trekta, kuna mtoto anasubiri basi la shule. Kulungu aliye juu ya mstari wa mbingu hapigwi, hata kama ni mkubwa kuliko wote uliowaona, hata kama jamaa anakunong'oneza "Piga! Piga!" Unasubiri ashuke, ili nyuma yake kuwe na udongo wa kupokea risasi. Asiposhuka, umerudi mikono mitupu, na mimi nikisikia habari hiyo nitakupigia simu ya pongezi.

Mwanga nao. Sheria hapa inaruhusu kupiga kulungu kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Hizo nusu saa mbili ndizo kulungu hutembea sana, na ndizo jicho hudanganya sana. Mtu anayesubiri kulungu tangu saa kumi na moja alfajiri, baridi imemshika, ataona kulungu kwenye kichaka chochote kinachotikisika. Usipige rangi, usipige sauti, usipige mtikisiko. Piga mnyama mzima uliyemwona kichwa, shingo na bega. Na usitumie darubini ya bunduki kumtambulia mtu au kitu, kwa sababu kutazama kupitia darubini hiyo ni kumwelekezea mtutu. Nunua darubini ya mkononi, ya bei rahisi inatosha, uivae shingoni.

Sasa bunduki ya marehemu. Hapa ningekuwa jirani yako ningefika kwenu mwenyewe. Bunduki ya urithi ina sifa mbili: ina historia, na hakuna anayejua mara ya mwisho ilisafishwa lini. Mwambie jamaa yako, kwa heshima, aipeleke kwa fundi wa bunduki kabla ya msimu. Kisha usome maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, uyafananishe na maandishi yaliyo kwenye kitako cha kila risasi, moja moja, si kwenye boksi tu. Mabegi ya wazee huwa na risasi za kila aina zimechanganyika kama shanga. Kaliba .308 na .30-30 zinaweza kuonekana ndugu kwa asiyejua, si ndugu. Kwenye bunduki za marisau hatari ni kubwa zaidi: risasi ya geji 20 ikiingizwa kwa makosa kwenye bunduki ya geji 12 huteleza na kukwama ndani ya mtutu, mtu anaona chemba haina kitu, anaweka ya geji 12 nyuma yake, na mtutu unampasukia usoni. Ndiyo sababu siku hizi risasi za geji 20 huwa za manjano. Ukiona ya manjano na nyekundu kwenye mfuko mmoja, toa zote nje kabla hujapiga hatua.

Lakini nikikuuliza nini hasa humuumiza mwindaji wa kulungu, usinijibu risasi. Kuanguka kumo miongoni mwa vinavyoongoza. Hapa watu huwindia juu ya mti, kwenye kitu ambacho mimi nakiita dungu, kwa kuwa sioni tofauti yake na lile ambalo shangazi zangu walikalia kufukuza ndege kwenye mtama. Tofauti ni kwamba shangazi zangu walikaa juu mchana wa jua, na wewe utapanda gizani, barafu imeganda kwenye vipandio, umevaa makoti matatu na buti kama za askari wa zimamoto. Vaa mikanda ya usalama ya mwili mzima, ile inayopita mabegani na mapajani, na uifunge kwenye kamba ya mti ukiwa bado chini, si ukishafika juu. Wengi huanguka wakati wa kupanda na kushuka. Wakati wote viungo vitatu vishike: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Na bunduki haipandi nawe. Unaiacha chini ikiwa tupu, umeifunga kamba, unapanda, unajifunga, ndipo unaivuta juu huku mdomo wa mtutu ukielekea chini. Kushuka ni vivyo hivyo kinyumenyume: toa risasi, ishushe, halafu ushuke wewe, na usiishushe mahali utakapokanyaga. Uzio pia: toa risasi, pitisha bunduki chini ya waya mtutu ukielekea mbali nawe, vuka, ichukue.

Muulize jamaa lile dungu la baba yake limejengwa mwaka gani. Akikujibu "Zamani," wewe kaa chini kwenye kiti, mgongo kwenye mti mnene. Kulungu wanapigwa na waliokaa chini pia.

Nguo: kofia na kila kinachoonekana juu ya kiuno, mikono na glavu zikiwa nje ya hesabu, viwe rangi ya chungwa kali au pinki kali. Huwezi kuamini mpaka uone, lakini kulungu hauoni uchungwa huo kama sisi tunavyouona. Kwake ni kivuli kama vingine. Mwenzako mwenye bunduki ndiye anayekuona kutoka upande wa pili wa msitu. Usiombe koti la kahawia la mtu. Usifute kamasi kwa leso nyeupe. Huyu mnyama anaitwa mkia-mweupe, na mkia wake akiuinua ndiyo leso yenyewe. (Na tukielewana: tunamwita kulungu kwa kukosa jina, si yule kulungu wa Arabuko-Sokoke. Huyu dume hutupa pembe zake kila mwaka na kuotesha nyingine.)

Baridi yenyewe sitaisemea sana, umeshakaa hapa miaka minne. Ila pamba ikiloa jasho haikauki, kwa hiyo ndani vaa sufu au nguo za michezo, na kabla hujaingia msituni mwachie mkeo karatasi: uko shamba la nani, unarudi saa ngapi, apige simu wapi usiporudi.

Kuna habari nyingine ambayo kwenye kitabu cha darasa imepewa ukurasa mmoja, nami kwa watu wetu huipa jioni nzima. Ni watu. Novemba 2004, upande wa pili wa mpaka, Wisconsin, mwindaji mhamiaji wa jamii ya Wahmong, watu wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, kutoka St. Paul alikutwa amekaa kwenye dungu ndani ya ardhi ya watu binafsi. Wenyewe wakamwambia aondoke. Yakatokea maneno, na matusi ya rangi yalitajwa mahakamani; nani alianza kupiga, kila upande ulisema lake. Watu sita walikufa, yeye akafungwa maisha, na Wahmong wasiohusika wakatazamwa kwa jicho baya msituni kwa miaka. Sikusimulii ili uogope. Nakusimulia ujue kwamba mpaka wa shamba hapa si mstari wa kubahatisha. Ardhi ya kilimo Minnesota huingii bila ruhusa hata kama hakuna kibao. Pata ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye ardhi, hata ikiwa ni familia ya jamaa yako, uitie mfukoni pamoja na leseni. Pakua ramani ya mipaka kwenye simu kabla hujaondoka mjini, maana mtandao huko ni wa kuotea. Ukiambiwa uondoke, hata na mtu asiye na haki ya kukuambia, toa risasi, ondoka, piga simu ukiwa barabarani. Ubishi wa watu wawili wenye bunduki hauna mshindi.

Askari wa wanyamapori wa jimbo atakufikia, siku moja au nyingine. Ni kazi yake kukagua leseni. Anapokaribia, elekeza mtutu mbali, msalimie, mwambie kama kuna risasi, na usubiri akuambie ufanye nini. Garini bunduki iwe tupu, ndani ya mfuko wake, kwenye buti, na risasi mahali pengine. Sote tunaoishi hapa tunakumbuka Julai 2016, Falcon Heights, Philando Castile alivyomwambia polisi kwa utulivu kwamba ana bastola, naye alikuwa na kibali, akapigwa risasi akiwa amefunga mkanda wa kiti. Mimi nikisimamishwa barabarani wakati wa msimu, mikono yangu iko juu ya usukani kabla gari halijasimama, na sichomoi chochote mpaka niulizwe. Wenzangu weupe darasani huniona nazidisha. Sibishani nao.

Sasa kuchinja. Mimi si sheikh, na Novemba ikiwa bado mbali nenda kamuulize wako. Nijuavyo ni kile tulichofunzwa madrasa: mnyama wa kuwindwa ana hukumu yake mbali na wa zizini, bismillah husemwa wakati wa kufyatua, na ukimkuta bado ana uhai ndipo kisu kinapohusika. Upande wa usalama ndio naweza kuusemea. Usikimbie. Kwanza unakimbia na bunduki gizagiza juu ya majani yenye barafu, na hapo tumesharudi kwenye gobore la babu. Pili, kulungu aliyejeruhiwa akikuona unakuja huinuka na kwenda mbali sana, akafia mahali usipomwona, na nyama ikapotea kwa kila madhehebu. Kama hakuanguka palepale, tunakaa nusu saa kwa saa ya mkononi, tunaweka alama aliposimama, ndipo tunafuata damu polepole. Akiwa ameanguka, mkaribie kwa upande wa mgongo, si wa miguu, umguse jicho kwa kijiti kirefu. Akipepesa, yuko hai, na dume lenye kilo 80 likirusha kwato lina uwezo wa kukufungua paja. Kumkalia mnyama huyo na kisu kama mbuzi wa Idi ni jambo nisilokushauri ukiwa peke yako na mara yako ya kwanza.

Kwa hiyo shida yako itatuliwe kabla ya kufyatua. Subiri akupe ubavu kamili, awe karibu, mita 60 au 70, na ulenge nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini, palipo na moyo na mapafu. Akipigwa hapo hafiki mbali. Ili upige hapo unahitaji kufanya mazoezi ya shabaha Septemba na Oktoba, kwa bunduki hiyohiyo, leseni ikiwa mfukoni kama nilivyosema. Ukimpata, weka tagi yake papo hapo, umsajili ndani ya saa 48 na kabla hujamkata nyama kwa ajili ya kugawia watu, na uangalie kama eneo lenu lina masharti ya CWD, ugonjwa wa ubongo unaoua kulungu.

Binti yako. Sheria inawapa watoto wakazi wa miaka 10 hadi 12 nafasi ya kuwinda kulungu bila cheti, mzazi au mlezi akiwa karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Lakini mzazi huyo ni wewe, ambaye naye ndiyo mara ya kwanza. Wanagenzi wawili kwenye mti mmoja ni wengi. Mwaka huu aje bila bunduki, na kazi yake iwe darubini. Wakati huohuo mwandikishe darasani sasa hivi, maana miaka 11 inatosha kuanza na cheti kitaanza kufanya kazi akitimiza 12. Mtoto haruhusiwi kumalizia kwa simu. Lazima aje siku ya uwanjani, ashike bunduki mbele ya mkufunzi, avuke uzio wa mfano, aamue kwenye picha yupi apigwe na yupi aachwe. Nenda naye, ukae kiti cha pembeni yake, ufanye kila anachofanya. Watu wazima wanaruhusiwa, na katika miaka yangu yote watoto wa kike wa umri huo ndio wanaonisumbua kidogo kuliko wote: wanasikiliza, hawana cha kuonyesha, na wakiwa na shaka hawapigi. Madarasa ya Agosti na Septemba hujaa mapema, usingoje.

Na akikuomba koti la pinki badala ya la chungwa, mnunulie. Likiwa pinki kali lile la kuumiza macho, sheria inalikubali sawasawa.